Kuanza na BIM kwenye jengo la zege: ya kukubaliana kabla ya kuchora, na mahali vipimo vinapoharibika

Ukuta kwenye mchoro wa AutoCAD ni mistari miwili sambamba. Programu haijui kama huo ni ukuta, barabara au reli. Anayejua ni msomaji wa mchoro. Kwenye BIM, yaani uundaji wa modeli yenye taarifa za jengo, ukuta huohuo unajulikana kuwa ukuta: una unene wa milimita 150, uko sakafu ya pili, ni wa tofali za saruji, umepigwa plasta pande zote mbili, na kuna mlango wenye namba yake uliokaa ndani yake. Plani, mikato, jedwali la milango na ujazo wa zege vyote vinasomwa kutoka kwenye modeli hiyo moja. Ukisogeza mlango kwenye plani, unasogea pia kwenye mkato na kwenye jedwali.

Kwa hiyo picha nzuri ya 3D haitoshi kuitwa BIM. Jengo lililochorwa kwa maumbo matupu linaweza kumvutia mteja, lakini halitamwambia mkadiriaji majenzi lina mita ngapi za ukuta.

Mfano tutakaoutumia ni jengo la ofisi la fremu ya zege Dar es Salaam: mita 24 kwa 14, sakafu ya chini na tatu juu yake, paa la zege bapa. Gridi, yaani mistari ya kupangia nguzo, ni A hadi E kila mita 6, na 1 hadi 3 kila mita 7. Nguzo ni 15 za milimita 300 kwa 300, boriti ni za 250 kwa 600, slabu ni ya 150, na kutoka zege hadi zege ni milimita 3,300. Ni jengo la kawaida kabisa, na kwa ukubwa huo BIM inalipa bila kuhitaji idara nzima ya wataalamu.

Amua kwanza modeli itafanya kazi gani

Kosa la kwanza hutokea kabla kompyuta haijawashwa: ofisi inanunua programu, kila mtu anaanza kuchora, kisha baada ya miezi mitatu mkadiriaji anaomba vipimo na kugundua modeli haikuchorwa kwa namna inayoweza kupimika. Modeli ya kutolea picha, modeli ya kukagua migongano na modeli ya kupimia zege zinachorwa kwa sheria tofauti.

Kwa mradi wa kwanza chagua matumizi matatu tu: michoro inayokubaliana yenyewe kwa yenyewe, ukaguzi wa migongano kati ya zege na mabomba, na vipimo vya kazi kubwa kama zege, kuta na milango. Ratiba ya ujenzi iliyounganishwa na modeli, hesabu za nishati na mengine yasubiri. Anayeahidi yote kwenye mradi wa kwanza kwa kawaida haleti hata moja.

Makubaliano hayo yaandikwe kwenye mpango wa utekelezaji wa BIM. ISO 19650, kiwango cha kimataifa ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, kina orodha ndefu ya nyaraka; kwa jengo hili kurasa nne zinatosha. Ziseme nani anachora nini, programu gani na toleo gani, nukta ya mwanzo ya jengo iko wapi, usawa wa sakafu ni upi, majina ya faili yanaandikwaje, modeli zinabadilishanwa siku gani ya wiki, na modeli ikipingana na mchoro wenye muhuri kipi kinafuatwa. Jibu la hilo la mwisho, kwa mikataba mingi ya kwetu, bado ni mchoro wenye sahihi na muhuri wa mbunifu au mhandisi aliyesajiliwa. Liandikwe wazi, maana saiti itauliza.

Programu na kompyuta

Wabunifu wengi Afrika Mashariki wanatumia ArchiCAD au Revit. Wahandisi wa vyuma wengine wako kwenye Tekla. Zote zinafaa. Si lazima timu nzima itumie programu moja, kwa sababu zinabadilishana taarifa kwa IFC, aina ya faili iliyo wazi na isiyomilikiwa na kampuni ya programu, yenye kiwango chake cha ISO 16739. Asiye na bajeti anaweza kuanza na Bonsai, nyongeza ya bure ya Blender iliyokuwa ikiitwa BlenderBIM, au FreeCAD. Zinahitaji uvumilivu zaidi, lakini IFC inayotoka humo ni IFC kamili.

Jambo moja la Revit linaumiza wengi: faili iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani, na hakuna amri ya kuirudisha nyuma. Mhandisi mmoja akisasisha programu yake katikati ya mradi, wenzake wote wanafungiwa nje. Toleo liandikwe kwenye mpango na lisibadilishwe bila timu nzima kukubali.

Kompyuta iwe na RAM ya gigabaiti 16 kama kiwango cha chini, 32 kama unaweza, diski ya SSD, na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake. Na UPS. Umeme ukikatika wakati programu inaandika faili kuu ya mradi, kinachobaki kinaweza kuwa faili isiyofunguka. Wasimamizi wa saiti hawahitaji leseni: BIMvision inafungua IFC bure, na Navisworks Freedom inafungua faili za NWD bure, ingawa haiwezi kukagua migongano.

Jengo liko wapi duniani

Mpimaji ardhi atakuletea kiwanja chenye koordineti za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita. Dar es Salaam na Nairobi ziko kanda ya 37 kusini, Mwanza iko 36 kusini, Kampala 36 kaskazini. Namba ni kubwa: katikati ya Dar es Salaam utaona mashariki kama 532,000 na kaskazini kama 9,246,000, kwa mita.

Ukiingiza mchoro wa mpimaji na kuanza kuchora jengo hapohapo kwenye namba hizo, picha itaanza kutetemeka, mistari itakosa kukutana na hachi, yaani michirizi ya kujazia maumbo, zitavunjika. Programu hizi zinahesabu kwa usahihi karibu na nukta yao ya ndani, yaani sifuri ya programu yenyewe. Revit inaanza kulalamika ukipita kilomita 16 hivi kutoka hapo. Utaratibu sahihi ni huu:

1. Makutano ya gridi A na gridi 1 yawe karibu na nukta ya ndani ya programu, na jengo lichorwe likiwa limenyooka na karatasi.
2. Muombe mpimaji koordineti za makutano hayo A/1, usawa wake juu ya bahari, na pembe kati ya gridi A na kaskazini halisi.
3. Ziandike namba hizo kwenye nukta ya upimaji ya programu bila kusogeza jengo lenyewe.
4. Mbunifu ndiye pekee anayeziweka. Wengine wote wanazichukua kutoka kwenye modeli yake; hakuna anayeziandika upya kwa mkono.

Muulize mpimaji pia kama namba zake ni za Arc 1960 au WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutolea koordineti. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, wakati GPS ya simu na picha za satelaiti ziko kwenye WGS 84. Nukta moja ya ardhini ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili inatofautiana karibu mita 300. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kuonekana mapema, na hiyo ndiyo nafuu yake. Kinachotisha zaidi ni pembe ya kaskazini kukosewa kwa nyuzi moja: kwenye ukuta wa mita 24 hiyo ni sentimita 42 upande wa pili, na inaweza kupita bila kuonekana hadi siku ya kupiga kamba.

Usawa wa zege na usawa wa vigae

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mbunifu anafikiri kwa sakafu iliyokamilika, yenye vigae. Mhandisi anafikiri kwa uso wa zege. Kati yao kuna saruji ya kusawazishia na kigae, tuseme milimita 50. Kila mmoja akiweka sifuri yake bila kumwambia mwenzake, modeli mbili zikifunguliwa pamoja zinapishana kwa 50 kila mahali, na mtu anayeona hivyo huzisogeza tu mpaka zikutane. Kosa linakuwa limefichwa, halijatatuliwa.

Ngazi ndizo zinazofichua. Kutoka zege hadi zege ni 3,300, kwa hiyo vipandio 20 vya 165. Fundi anamwaga ngazi vipandio vikiwa sawasawa. Kisha sakafu inapewa 50 za umaliziaji, ngazi zinapewa 30. Kipandio cha kwanza kinabaki 145, cha juu kabisa kinakuwa 185, na vya katikati 165. Tofauti ya milimita 40 kwenye ngazi moja inaangusha watu, na kuirekebisha baada ya zege kukauka ni kupasua. Kwenye modeli ni suala la kuchora ngazi ya zege na umaliziaji wake kama vitu viwili, kisha kupima kipandio cha kwanza na cha mwisho kwenye mkato.

Kubalianeni hivi: orodha ya usawa iwe moja, yenye mistari miwili kwa kila sakafu, mmoja wa zege na mmoja wa umaliziaji, na majina yake yawe 00, 01, 02, 03 na RF ya paa. Msitumie "ghorofa ya kwanza" kwenye faili. Kwa mmoja ni sakafu ya chini, kwa mwingine ni ya juu yake, na nondo za sakafu moja zitapelekwa kwingine.

Nani anachora nini

Kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja. Mhandisi wa miundo anachora zege lote: msingi, nguzo, boriti, slabu, ngazi. Mbunifu anachora kuta za tofali, milango, madirisha, dari na umaliziaji, huku akiiona modeli ya mhandisi kwa kuiunganisha bila kuichora upya. Mhandisi wa mitambo na wa umeme wanachora mabomba, dakti za hewa, trei za nyaya na vifaa. Slabu ikichorwa na mbunifu na mhandisi wote wawili, BOQ, yaani orodha ya vipimo na gharama za kazi, itailipa mara mbili.

Sheria chache za kuchora zinaokoa kazi kubwa baadaye. Ukuta usipande sakafu nne kwa mpigo. Ukatwe kila sakafu, kwa sababu ndivyo unavyojengwa na ndivyo unavyolipwa. Nguzo vivyo hivyo. Kila kitu kichorwe kwa zana yake: boriti isichorwe kwa zana ya ukuta eti kwa sababu inafanana, maana programu itaipeleka kwenye hesabu ya kuta. Na vifaa vya kupakua mtandaoni viangaliwe kabla ya kuingizwa. Bomba la kuogea lenye nyuzi za skrubu zilizochorwa moja moja, likirudiwa vyoo 24, linaweza kuifanya faili nzima iwe nzito kuliko zege la jengo zima.

Kuhusu kina cha uchoraji, wengi hutumia ngazi za LOD zilizoanzia Marekani: 100 ni umbo tu, 200 ni ukubwa wa kukadiria, 300 ni kipimo halisi, 350 inaongeza namna vitu vinavyoshikana, 400 inatosha kwa karakana kutengeneza. Msiandike "modeli yote iwe LOD 400". Ni kauli inayouza zabuni na kuua ratiba. Zege liwe 300, mabomba ya maji taka na dakti 350 pamoja na vishikio vyake, fenicha 200. Nondo kwenye modeli ya kwanza zinaweza kuachwa. Orodha ya kukata na kupinda itoke kwenye programu ya mhandisi kama kawaida, isipokuwa sehemu zilizojaa mno, kama nguzo inapokutana na boriti tatu.

Kubadilishana faili

Hifadhi ya pamoja ya mradi iwe na sehemu nne: kazi inayoendelea, zilizoshirikishwa, zilizotolewa rasmi, na kumbukumbu. Faili ya kazi inayoendelea haionekani nje ya ofisi yake. Ikikaguliwa inapanda kwenye zilizoshirikishwa ili wengine waitumie kuratibu. Ikiidhinishwa inatolewa rasmi kwa ujenzi. Toleo lililopitwa halifutwi, linahamia kumbukumbu, kwani siku ya madai ndilo litakalotafutwa.

Majina yafuate mpangilio mmoja: mradi, ofisi, sehemu ya jengo, sakafu, aina, fani, namba. Kwa mfano OFD-MHD-ZZ-01-M3-S-0001, ambapo ZZ ni sehemu zote za jengo, M3 ni modeli ya 3D, na kwenye fani S ni miundo, A ubunifu, M mitambo, E umeme. Toleo la maandalizi liitwe P01, P02. La ujenzi C01. Faili iitwayo "modeli mpya FINAL 2 ya kweli" ina historia inayojulikana, na haiishi vizuri.

Wakati wengi wanafanya kazi kwenye faili moja ya Revit, kila mtu afungue nakala yake ya ndani na kuioanisha na ile kuu. Kuifungua ile kuu moja kwa moja ndiyo njia ya haraka ya kupoteza kazi za wenzako. Intaneti ikiwa dhaifu, weka saa za kuoanisha zinazopishana badala ya wote kubonyeza saa kumi na moja jioni.

Kutoa IFC na kuikagua

IFC ni ya kuonyesha, kukagua na kupima. Usitarajie mwenzako aifungue na kuendelea kuchora kama faili yako mwenyewe. IFC2x3 bado inasomwa na karibu kila programu, IFC4 ina uwezo zaidi. Chagueni moja, muijaribu wiki ya kwanza kwa chumba kimoja chenye ukuta, mlango, nguzo na bomba. Msisubiri jengo likamilike.

Kila IFC ifunguliwe kwenye programu tofauti na iliyoitoa, kisha hesabu nguzo. Jengo letu lina nguzo 15 kwa sakafu nne, kwa hiyo IfcColumn, jina la nguzo ndani ya IFC, ziwe 60. Ukiona 15, nguzo zimechorwa kwa mpigo kutoka msingi hadi paa. Ukiona 75, kuna sakafu iliyonakiliwa mara mbili, na nguzo za juu na za chini zimekaa mahali pamoja bila kuonekana. Ukiona sifuri, na kwingine kuna vitu 60 vya IfcBuildingElementProxy, yaani vitu visivyotambulika aina, nguzo zilichorwa kwa zana isiyo yake. Hesabu hiyo inachukua dakika moja na inagundua makosa mengi kuliko kuzungusha modeli kwenye skrini nusu saa.

Migongano

Programu ya kukagua, kama Navisworks au Solibri, inapokea modeli za fani zote na kutafuta vitu vinavyokaa sehemu moja. Anayeianza kwa kulinganisha kila kitu na kila kitu atapata maelfu ya matokeo na kukata tamaa. Mabomba yanapita kwenye kuta za tofali kwa kusudi. Huo haupaswi kuhesabiwa mgongano. Fuata mpangilio huu:

1. Vitu vilivyorudiwa ndani ya modeli moja.
2. Zege dhidi ya ubunifu: nguzo kwenye mlango, boriti mbele ya dirisha, na urefu wa kichwa juu ya ngazi usiopungua 2,000.
3. Maji taka dhidi ya zege.
4. Dakti za hewa dhidi ya zege.
5. Mabomba, dakti na trei za umeme zenyewe kwa zenyewe.

Weka uvumilivu, yaani mwingiliano unaoruhusiwa, wa milimita 20 mwanzoni ili vigusano vidogo visikuzuie, kisha shusha hadi 10. Bomba lenye kizuia joto lichorwe na kizuia joto chake. Kifaa cha kiyoyozi kiwe na nafasi ya fundi kukifungua, mnaweza kuichora kama boksi lisiloonekana la milimita 600. Mgongano na boksi hilo ni mgongano wa kweli.

Nani anampisha nani? Maji taka hayampishi mtu, kwa sababu yanaenda kwa mteremko. Baada yake dakti kubwa, kisha mabomba ya maji yenye presha, na nyaya mwisho, kwani hizo zinapinda popote.

Angalia kisa cha choo chetu. Choo kiko gridi A, bomba la kushukia liko gridi C, umbali wa mita 12. Bomba la inchi 4, milimita 110 kwa nje, linateremka 1 kwa 40, yaani milimita 300 kwa safari nzima. Gridi B kuna boriti ya 600. Kwenye mchoro wa kawaida bomba ni mstari, na mstari unapita popote. Kwenye modeli tunasoma namba, zote kutoka uso wa zege la sakafu ya chini yake: chini ya slabu ni 3,150, chini ya boriti ni 2,700.

Bomba likipita chini ya boriti kwa nafasi ya 20, mgongo wake uko 2,680 na tumbo lake 2,570. Kutoka B hadi C linashuka 150 zaidi: tumbo 2,420. Toa 50 za umaliziaji wa sakafu na 70 za fremu ya dari, dari inakaa 2,300 juu ya vigae. Mbunifu aliandika 2,600.

Fundi bomba atapendekeza kutoboa boriti. Mhandisi anaweza kukubali tundu, kwa kawaida katika theluthi ya katikati ya kina na mbali na nguzo, likiwekwa kabla ya kumwaga zege na kuongezewa nondo. Theluthi hiyo ni kati ya 200 na 400 kutoka juu ya boriti. Hata tukilishusha tundu la 160 hadi mwisho wa theluthi, kitovu cha bomba kiko 2,980 pale B. Kurudi nyuma hadi A bomba linapanda 150, kitovu 3,130, mgongo 3,185. Lakini chini ya slabu ni 3,150. Bomba limeingia ndani ya slabu, na bado hatujaweka kona ya choo. Tundu halifai.

Jibu linalobaki ni kusogeza bomba la kushukia na njia yake viwe jirani na choo, gridi A. Katika hatua ya usanifu hiyo ni kazi ya saa chache na labda kupoteza sehemu ya stoo. Baada ya slabu ya pili kumwagwa, ni dari ya chini kwa maisha yote ya jengo, au boriti iliyotobolewa usiku na nondo zilizokatwa.

Kila mgongano uandikwe kwa BCF, faili ndogo inayobeba picha, mahali pa kuangalia, maelezo na jina la mhusika. Ukituma picha za skrini kwenye kundi la WhatsApp, wiki ya tatu hakuna atakayejua ni boriti ipi. Migongano ya chanzo kimoja iwekwe pamoja: bomba moja linalopita boriti tano ni tatizo moja. Kikao cha kuratibu kiwe cha saa moja kwa wiki, na wanaohudhuria wawe na mamlaka ya kusogeza vitu vyao.

Vipimo vya BOQ

Modeli inatoa ujazo na maeneo ya vitu vilivyomo kwa namna vilivyochorwa. Haitoi BOQ. Mkadiriaji majenzi bado ndiye anayejua kanuni za upimaji, matundu gani yanakatwa na yapi hayakatwi, na kazi ambazo hazina umbo kwenye modeli: mbao za kufungia zege, vibanda vya saiti, kumwagilia zege, usafirishaji.

Kosa ghali kuliko yote ni zege kupishana. Boriti yetu ina kina cha 600 pamoja na slabu ya 150. Ikichorwa kwa 600 kamili na programu isiambiwe kuiunganisha na slabu, zile 150 za juu zinahesabiwa mara mbili. Urefu wa boriti kwa sakafu ni mita 72 upande mmoja na 70 upande wa pili, jumla 142. Mara 0.25 mara 0.15 ni mita za ujazo 5.3 za zege lisilokuwepo. Slabu za juu ni nne pamoja na paa: 21.3. Kwa mifuko 7 ya saruji ya kilo 50 kwa mita ya ujazo, hiyo ni karibu mifuko 150. Nguzo zikipita ndani ya boriti bila kuunganishwa zinaongeza nyingine 3.2.

Njia ya kulinda: chukua sakafu moja na uipime kwa mkono. Slabu 24 kwa 14 kwa 0.15 ni 50.4. Boriti chini ya slabu, 142 mara 0.25 mara 0.45, ni 16.0. Jumla 66.4, kabla ya kutoa tundu la ngazi. Modeli ikisema 71 au 72, kuna kupishana. Ikisema 50, boriti ziko kwenye kundi lisilo lake. Tofauti ndogo ya asilimia moja au mbili inatokana na makutano ya boriti na kingo za slabu. Hiyo mkadiriaji anaweza kuieleza.

Kuta zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ukuta uliochorwa hadi juu ya slabu badala ya kuishia chini ya boriti unaongeza 600 kwenye kila mita ya urefu. Kwa tofali za saruji za 450 kwa 230, ambazo huenda karibu 9 kwa mita ya mraba, ukuta wa mita 6 unajiongezea tofali zaidi ya 30.

Saiti na makabidhiano

Mafundi wengi watafanya kazi kwa karatasi, na si vibaya. Modeli iwasaidie kwa mikato mingi kuliko mliyozoea kutoa, na picha ya 3D ya kila sehemu ngumu iliyochapishwa A3 pembeni mwa plani: makutano ya nondo, choo chenye mabomba yake, chumba cha pampu. Kila shiti iwe na namba ya toleo, na za zamani zikusanywe siku mpya zinapofika.

Mabadiliko ya saiti yarudi kwenye modeli ndani ya wiki. Kabla ya kila slabu kumwagwa, piga picha mabomba na vitundu vyote vikiwa na futi iliyofunguliwa karibu na gridi inayosomeka, kisha picha hizo zipewe jina la sakafu na gridi. Baada ya zege hakuna modeli itakayothibitisha bomba lilipita wapi kweli, ila picha hizo.

Mwenye jengo akabidhiwe vitu vinne: faili asilia pamoja na jina na toleo la programu, IFC, PDF za michoro, na jedwali la vifaa. Jedwali hilo liwe na vinavyohitaji matengenezo tu, yaani pampu, jenereta, lifti, viyoyozi, valvu kuu na mifumo ya moto, kila kimoja na chumba chake, mtengenezaji, namba ya kiwandani na mwisho wa dhamana. Kujaza taarifa hizo kwa kila bawaba ya mlango ni kazi ambayo hakuna atakayeisoma. Jaribio la kupokea lifanyike kwenye kompyuta ya mwenye jengo, si ya mkandarasi, na kabla fedha ya mwisho iliyozuiliwa haijaachiwa: msimamizi wa jengo afungue IFC mwenyewe, aitafute pampu ya maji, na asome namba yake ya kiwandani kutoka kwenye skrini.